Nani Aliyemroga Mtoto Huyu?

Mazungumzo ya redio. Somo: Yohana 9:1-7

Nawasalimu ninyi mlio jikoni mkitayarisha chai, nanyi mlio safarini, nanyi mlio vitandani hospitalini ambao usiku wa jana ulikuwa mrefu kwenu. Kama una Biblia karibu nawe, fungua Injili ya Yohana, sura ya tisa, mstari wa kwanza hata wa saba. Kama huna, usiwe na wasiwasi. Keti, nitakusimulia.

Bwana Yesu alikuwa akipita njiani pamoja na wanafunzi wake, wakamwona mtu aliyekuwa kipofu tangu alipozaliwa. Wanafunzi hawakuuliza jinsi ya kumsaidia. Waliuliza ni nani mwenye kosa: ni mtu mwenyewe, au ni wazazi wake? Litazameni swali hilo, ndugu zangu. Mtu amekaa gizani maisha yake yote, nao wanatafuta wa kumlaumu. Swali lao lote lilikuwa neno moja tu: Nani?

Leo nataka tuzungumze juu ya neno hilo dogo, na juu ya mtu ambaye kwetu hulijibu neno hilo, yaani mganga. Sisemi mchawi. Mchawi ni yule ambaye watu wanadhani huwadhuru wenzake kwa siri. Mganga ni yule ambaye watu humwendea ili awasaidie: ampe mgonjwa dawa, amlinde mtoto kwa hirizi, azike fingo mlangoni, apige ramli na kusema ng'ombe aliyeibiwa yuko wapi. Njia ya kwenda kwake tunaijua. Wengine wetu tunaijua vizuri zaidi usiku kuliko mchana.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa kijana, nimetoka chuo cha Biblia mwaka mmoja tu uliopita, nikapewa usharika mdogo upande wa Pwani, mbali na bahari, kwenye mashamba ya mahindi na mikorosho. Usiku mmoja, yapata saa tano, nilikuwa narudi kutoka matangani, na tochi yangu mkononi. Njiani nikakutana na mama mmoja wa kanisa letu. Alikuwa kiongozi wa akina mama. Ndiye aliyeshona kitambaa cha meza ya Bwana kwa mikono yake. Mgongoni alibeba mtoto, amemfunga kwa leso. Aliponiona alijifunika uso.

Nikamwuliza, "Mama, waenda wapi saa hizi?"

Akajibu, "Naenda kwa dada yangu, Mchungaji."

Mimi nilijua dada yake anakaa ng'ambo ya pili ya mto. Nilijua pia kwamba njia ile ilikuwa na nyumba moja tu mbele yake, na nyumba hiyo ilikuwa ya mganga. Nikamwambia, "Mungu anakuona, mama." Basi. Nikaenda zangu nyumbani, nikalala. Nililala vizuri sana, ndugu zangu, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Jumapili iliyofuata niliwaeleza wazee wa kanisa, nasi tukakata shauri kumzuia mama yule asishiriki Meza ya Bwana. Jina lake lilisomwa mbele ya watu wote. Alisimama, hakujibu neno. Baada ya ibada, bibi mmoja mzee aliyekuwa akifagia kanisa alinijia akaniambia, "Mchungaji, umeuliza mtoto yuko wapi?"

Nikasema, "Sijauliza."

Akasema, "Yuko hospitali. Leo ni siku ya nne."

Ndipo nilipopata habari kamili. Mtoto yule alikuwa ameshikwa na degedege. Wengi wenu mnajua jambo hili: mtoto anapata homa kali, macho yanageuka, mikono na miguu inakakamaa na kutetemeka. Watu wa huko, kama watu wa mahali pengi, walidhani ugonjwa huo huletwa na ndege au pepo apitaye juu ya mtoto. Tena walisema kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano, atakufa. Baba wa mtoto alikuwa kazini Mombasa. Wakwe walimwambia yule mama, "Kwanza kwa mganga, hospitali baadaye." Naye alikuwa peke yake. Mfa maji haachi kutapatapa.

Alipofika, mzee yule mganga alimtazama mtoto, akatayarisha vuo, yaani maji baridi yaliyopondwa majani ndani yake, akamwogesha. Homa ikatulia kidogo. Kisha degedege ikarudi. Bibi wa mtoto, aliyekuwa ametangulia kufika, akasema, "Piga ramli, mzee. Tuambie ni nani aliyemroga mtoto huyu." Mzee akakataa. Alisema, "Mtoto huyu hana wakati wa nani." Akamwamsha mwanawe, akamtuma kwa baiskeli aende kwa mwenye duka aliyekuwa na pikapu. Kisha akaingia ndani, akatoa noti mbili za shilingi ishirini, akazitia mkononi mwa yule mama.

Walifika hospitali kabla ya jua kuchomoza. Daktari alisema ni malaria iliyopanda kichwani, na kwamba kama wangalichelewa hata mchana wangalimzika. Wakamtundikia mtoto maji yenye dawa ya kwinini. Mtoto akapona.

Sasa, wasikilizaji, mwajua mfano wa Msamaria Mwema katika Luka 10. Je, usiku ule, ni nani aliyekuwa jirani wa mtoto yule? Ni mimi, niliyekuwa na tochi mkononi na Biblia kwapani, nikapita kando? Au ni yule mzee? Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia mfano huo. Jumapili ya pili nilisimama mbele ya usharika, nikamwomba mama yule msamaha, nikiwa nimesimama mahali pale pale aliposimama yeye.

Tena nikaenda kwa mganga. Nilikwenda mchana, ili watu wote wanione. Alinipa kigoda na maji ya kunywa. Tukazungumza habari za mvua, kisha nikamwuliza, "Mzee, mbona usiku ule hukupiga ramli? Si ndiyo kazi yako?"

Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Mwanangu, niliwahi kutaja jina."

Akanisimulia. Miaka mingi nyuma, mtu mmoja alifiwa na watoto wawili mwezi mmoja, kwa kuhara. Alikuja na mbuzi, akataka kujua ni nani. Mzee akapiga mburuga, ndiyo ramli ya huko. Lakini aliniambia wazi, "Nilijua habari za mji ule. Nilijua wanagombania shamba na mjane wa baba yao mdogo. Nilijua jina alilotaka kulisikia kabla hajaketi." Akalitaja jina la mjane. Nyumba yake ikachomwa moto, naye akakimbilia kwa ndugu zake wa mbali, akafa huko kabla ya mavuno. Mwaka uliofuata mtoto wa mganga mwenyewe akashikwa na kuhara kule kule. Bwana afya akaja, akapima maji ya kisima, akakuta yameharibika. Mzee akanitazama akasema, "Aliyewaua watoto wale ni kisima. Na yule mjane alikuwa akichota kisima hicho hicho."

Kisha akaniambia neno ambalo sijalisikia katika chuo chochote cha Biblia. Alisema, "Mwanangu, watu hawanilipi kwa ajili ya majani. Majani yamo porini, kila mtu anayaona. Wananilipa kwa ajili ya jina."

Ndugu zangu, lishikeni neno hilo, maana litatusaidia kupambanua. Katika mkoba wa mganga mna vitu viwili. Mna jani, na mna jina. Tusivichanganye.

Kwanza, jani. Mimi sitasimama katika redio kuwaambia kwamba majani ni ya Shetani. Ni nani aliyeumba miti? Katika Wafalme wa Pili, sura ya 20, mfalme Hezekia alipokuwa mgonjwa karibu na kufa, nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake, naye akapona. Nabii alikuwa na neno la Mungu kinywani, wala hakuona haya kuagiza tini. Na Luka, aliyetuandikia Injili, alikuwa tabibu. Hata dawa ya kwinini iliyomponya mtoto wetu hospitalini, je, ilitoka wapi? Ilitoka katika gome la mti uitwao sinkona, unaoota katika milima ya Amerika ya Kusini. Wataalamu wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, ndio walioitenga dawa yenyewe kutoka katika gome hilo mwaka 1820. Kwa hiyo mtoto yule aliponywa kwa mti. Ila ulikuwa mti uliopimwa.

Hapa kwetu Kenya tunao mti ambao Wakikuyu huuita muiri, na Wakalenjin huuita tendwet. Gome lake lilitumiwa na wazee wetu tangu zamani, na baadaye likasafirishwa kwenda Ulaya kutengenezewa dawa ya wanaume wazee wenye taabu ya kukojoa. Watu walilichuna kwa pupa hata biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa mwaka 1995, ili miti isimalizike. Nchi yetu inayo taasisi ya utafiti wa matibabu, KEMRI, yenye kituo cha kuchunguza dawa za asili. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya asili. Basi mama akichemsha mwarobaini nyumbani, mchungaji asikimbilie kumtenga. Amwulize tu, "Mtoto umempima?"

Nataka niwasimulie kisa kimoja cha Uingereza. Mwaka 1775, daktari aitwaye William Withering aliulizwa juu ya dawa ya kienyeji ya ugonjwa wa kuvimba mwili kwa maji. Dawa hiyo ilikuwa siri ya bibi kizee mmoja wa jimbo la Shropshire, ambaye mara nyingine aliwaponya watu walioshindikana kwa madaktari. Daktari hakumcheka yule bibi. Aliichunguza dawa yake, akakuta ina mimea ishirini au zaidi, akatambua kwamba mmea mmoja tu ndio ufanyao kazi. Kwa muda wa miaka kumi aliutumia kwa wagonjwa wake, akiandika waliopona na wasiopona pia, na kipimo kinachofaa, kwa sababu mmea ule ukizidi kidogo ni sumu iuayo. Mwaka 1785 alitoa kitabu ili kila mtu asome. Hata leo dawa ya moyo itokayo katika jamii ya mmea huo inatumika.

Mwaona, ndugu zangu? Bibi yule alikuwa na kitu cha kweli. Lakini alikuwa nacho gizani, kimechanganyika na mimea mingine ishirini, wala hakuna ajuaye ni wangapi waliozidishiwa. Kilipoletwa nuruni, kikawa baraka ya watu wote. Jani jema haliogopi nuru. Ukiambiwa, "Kunywa hii, lakini usimwambie daktari," jiulize kwa nini.

Pili, jina. Hapa, wapenzi, sina maneno laini. Mganga akiacha majani akashika ramli, ameingia mahali ambapo Neno la Mungu limetukataza waziwazi. Soma Kumbukumbu la Torati, sura ya 18. Na kama wataka kuona matokeo yake, soma Samweli wa Kwanza, sura ya 28. Mfalme Sauli alivaa nguo za kujigeuza, akaenda usiku kwa mwanamke wa Endori. Angalieni: usiku, na nguo za kujificha, kama leso ile iliyofunika uso. Mwanamke yule hakuwa mkatili. Alipomwona Sauli amezimia kwa hofu na njaa, alimchinjia ndama, akamwokea mikate. Alikuwa na huruma kama yule mzee wangu. Lakini huruma yake haikuondoa hofu aliyoipata Sauli nyumbani mwake. Alikwenda na hofu moja, akarudi na hofu mbili.

Mtu mmoja ataniambia, "Mchungaji, hayo ni mambo ya Waafrika, Wazungu walikuja kutukomboa nayo." Sivyo. Wazungu nao walikuwa na waganga wao. Katika Uingereza, miaka mia nne na zaidi iliyopita, karibu kila wilaya ilikuwa na mtu au bibi mwenye kujua mambo, aliyetafuta vitu vilivyoibiwa kwa kuzungusha ungo au kwa ufunguo uliofungwa ndani ya Biblia, aliyeuza hirizi, na aliyemwambia mgonjwa ni nani aliyemroga. Nao Wakristo waliokwenda kanisani Jumapili waliwaendea siku za juma. Mhubiri mmoja wa mji wa Maldon, aitwaye George Gifford, aliandika kitabu mwaka 1593 juu ya jambo hilo. Alionyesha kwamba waganga hao, ambao watu waliwaona ni wasaidizi wao, ndio waliowaongoza watu kuwashuku jirani wasio na hatia, hata damu ikamwagika. Gifford hakuwa Mpwani wala Mkamba wala Mluo. Lakini alikiona kile kile alichokiona yule mzee wa kisima.

Na kwetu, je? Mwezi wa Mei mwaka 2008, upande wa Kisii, watu 11 walioshukiwa kuwa wachawi walichomwa moto hata kufa, wengi wao wakiwa wazee. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, huko Marani, pande hizo hizo za Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa kwa kusingiziwa kwamba wamemroga kijana wa shule. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wengi wamekimbia nyumba zao kwa sababu ya kuitwa wachawi, na wengine wamepewa hifadhi huko Kaya Godoma, upande wa Ganze. Ukichunguza, mara nyingi nyuma ya neno uchawi utaona shamba. Mvi za mzee zinafanywa ushahidi, na macho yake mekundu, yaliyoungua kwa moshi wa jiko aliopikia watoto wake, yanafanywa hukumu.

Serikali nayo iliona hatari hii tangu zamani. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 iliweka kuwa ni kosa kumwajiri mtu amtaje mwenye hatia kwa njia zisizo za kawaida. Lakini sheria haiingii katika nyumba ya mganga saa tano za usiku. Anayeingia ni mimi na wewe.

Tena tusidhani kwamba hatari hukaa kwa mganga peke yake. Mwaka 2011 tuliona maelfu na maelfu ya watu wakielekea kijiji cha Samunge, Loliondo, katika Tanzania, kwa Mzee Ambilikile Mwasapile, aliyekuwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri. Alitoa kikombe kimoja cha dawa ya mti kwa shilingi 500 za Tanzania, akisema ameoteshwa na Mungu. Watu walitoka hata Kenya. Magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi, na wagonjwa wengine walifia njiani. Walikuwako walioziacha dawa zao za Ukimwi au za kisukari kwa kuamini wamepona, nao wakaumia. Mzee yule alifariki mwaka 2021. Simhukumu, hakutaja jina la mtu, wala hakutoza fedha nyingi. Lakini kikombe kile hakikupimwa kabla ya kunywewa. Tunajifunza kwamba hata jani likitolewa kwa jina la Mungu lahitaji kupimwa. Imani haiogopi kipimo.

Basi tufanyeje? Turudi kwa Bwana wetu pale njiani, karibu na yule kipofu.

Wanafunzi waliuliza, "Nani?" Bwana Yesu alikataa kulitaja jina. Aliwaambia kwamba si huyu mtu, wala si wazazi wake. Alilifunga jalada. Kisha akaanza kazi. Alitema mate, akafanya tope, akampaka mtu yule machoni, akamtuma akanawe katika birika la Siloamu. Alifanya hivyo mchana, mbele za watu, wala hakutaka mbuzi. Bwana wetu alitumia udongo, hakutumia ramli. Aligusa mgonjwa, hakumwonyesha kidole jirani.

Nasi tunaojiita kanisa lake, tuna mambo matatu ya kufanya.

La kwanza, tusimwache mtu peke yake usiku. Mama yule hakwenda kwa mganga kwa sababu alimpenda Shetani. Alikwenda kwa sababu mlango wa mganga ulikuwa wazi saa tano za usiku, na wangu ulikuwa umefungwa. Mganga humkalisha mgonjwa, humwuliza habari za jamaa yake, humsikiliza mpaka amalize. Sisi twamwombea dakika mbili, tukiangalia saa. Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, ameagiza wazee wa kanisa waitwe kwa mgonjwa. Je, wazee wa usharika wako wakiitwa usiku, wataamka? Wana habari mwenye gari ni nani? Wana nauli katika sanduku? Usharika wowote waweza kuweka akiba ndogo kwa mgonjwa wa usiku. Shilingi zile arobaini zilitoka kwa mganga; zilipaswa kutoka katika sadaka zetu.

La pili, mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa damu siku ile ile. Mwenye degedege apelekwe mara moja. Mpunguzie nguo njiani, mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, wala usingoje shauri la ukoo. Sindano haimwui mtoto wa degedege. Kuchelewa ndiko kunakoua. Nawasihi akina bibi, ninyi mnaosikilizwa sana nyumbani, mlitoe neno hilo kinywani mwenu.

La tatu, tuache kuuliza "Nani?" Hapa ndipo penye vita kweli, kwa maana swali hilo halikai kwa mganga, linakaa moyoni. Mtoto anapokufa, au ng'ombe, au biashara, moyo wataka jina. Ukilia peke yako mzigo ni mzito. Ukipata wa kumchukia, waona kama umepungua. Haukupungua. Umeongeza mzigo mwingine. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa methali hiyo jamaa ngapi zimevunjika! Mimi nawapa nyingine: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona. Jina likiisha kutajwa, ni nani awezaye kulirudisha? Yule mjane hakurudishwa.

Wewe uliyefiwa na unatafuta jina, nakuambia kwa upole: si kila kilio kina mtu nyuma yake. Mara nyingine ni kisima. Mara nyingine ni mbu. Mara nyingine hatupewi jibu lolote katika dunia hii, ila twapewa Bwana aliyelia kaburini pa Lazaro, naye hakuuliza ni nani aliyemroga.

Labda mwataka kujua habari za yule mzee. Sitawadanganya; hakubatizwa wakati nilipokuwa huko. Lakini alianza kuja Jumapili, akikaa nje chini ya mwembe, karibu na dirisha. Mburuga aliiweka juu darini, wala hakuishusha tena. Majani aliendelea nayo, kwa kikohozi na kwa tumbo na kwa vidonda. Mtoto wa homa kali akiletwa, alimwogesha maji baridi, kisha akamtuma mwanawe na baiskeli aje kwangu usiku, abishe hodi. Nami nikajifunza kulala na viatu karibu na kitanda. Watoto kadhaa walipona kwa njia hiyo. Tuliwapeleka pamoja, mganga na mchungaji.

Na mama yule? Alirudi kwenye Meza ya Bwana. Kitambaa chake kilikuwa bado kipo mezani. Hata wiki zile tulizomzuia, tulikuwa tukikitumia.

Natuombe. Ee Bwana Mungu wetu, uliyeumba miti yote na kujua dawa iliyomo ndani yake, twakushukuru kwa majani, na kwa mikono ya madaktari na wauguzi. Utusamehe sisi tuliompita mgonjwa njiani tukaenda kulala. Uwalinde wazee wetu, ambao leo wanaogopa wana wao wenyewe. Uwatembelee waganga wa nchi yetu, uwaachie yaliyo mema mikononi mwao, uwaondolee yaliyo ya giza. Na kila moyo unaouliza leo, "Nani?", uujibu kwa kuufikia wewe mwenyewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Wapenzi wasikilizaji, nawaaga kwa amani. Na kama usiku wa leo utasikia hodi mlangoni pako, usiulize kwanza anatoka wapi. Mfungulie.